Dawa ya Mathilde

Twahiru alikuwa fundi umeme wa magari. Gereji yake ilikuwa uani kwake, Buyenzi, mjini Bujumbura. Mkewe Mwanasiti, mama wa mtoto wao Amira, alikaanga sambusa mbele ya nyumba. Ulikuwa mwaka wa 1995, wakati wa vita. Watu walifanya kazi huku masikio yao yako mtaa wa Kamenge, ambako bunduki zililia mara kwa mara.

Kila zilipolia, moyo wa Mwanasiti ulidunda mbio. Alishika kifua, sambusa zikaungua. Twahiru alimtania.

"Mama Amira, wanapiga risasi kule, weye unaanguka huku!"

Utani gani huo! Mke anatetemeka, mume anacheka.

Jirani yao Mathilde, mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyetoka Uvira ng'ambo ya mpaka, hakucheka. Yeye alikuwa na tension, yaani shinikizo la damu, na daktari alimpa vidonge. Akamhurumia Mwanasiti, akamfungia baadhi ya vidonge vyake katika karatasi.

"Chukua, mama. Hii iko dawa ya moyo."

Dawa ya moyo! Kwani watu hawasemi "jipe moyo" wanapomwambia mtu asiogope? Basi Mwanasiti akadhani amepata dawa ya woga. Bunduki zikilia, anameza. Zikilia tena, anameza tena. Hakumwambia mumewe, maana alichoka kuchekwa.

Asubuhi moja bunduki zililia mfululizo. Kabla ya adhuhuri, Mwanasiti alianguka kando ya karai. Majirani wakajaa.

"Ni woga tu! Mupatieni maji ya sukari!"

Twahiru naye aliamini hivyo. Lakini alipomgusa mkewe, alikuta ngozi ya baridi na jasho jingi. Utani wote ukamtoka. Akambeba mpaka zahanati ya mtaani, kwa muuguzi Kudra.

Kudra alishika kifundo cha mkono wa Mwanasiti, akasikiliza kwa vidole. Uso wake ukabadilika.

"Ni woga, dada," alisema Twahiru. "Hizi risasi zinamumaliza."

"Apana, Baba Amira. Moyo ya mutu mwenye woga inakimbia. Hii inakokota miguu. Amekunywa dawa gani?"

"Hakuna dawa."

"Una hakika?"

Twahiru alimtazama mkewe. Analala na mtu nyumba moja, na hajui anameza nini!

Mara Mathilde akaingia mbio, pakiti mkononi, analia.

"Mi ndo nilimupatia! Yesu wangu, nimemuua rafiki yangu!"

Kudra alisoma jina la dawa.

"Hii inapunguza mbio ya moyo. Lazima afike hospitali sasa hivi. Musimupe kitu kwa kinywa, atapaliwa."

Twahiru akakimbia kuleta gari la mteja lililokuwa uani kwake. Wakamlaza Mwanasiti nyuma, miguu yake juu ya mapaja ya Mathilde. Kudra hakuuachia ule mkono.

Kwenye kizuizi askari akawasimamisha. "Barabara imefungwa. Rudini."

Kudra ndiye aliyesema, tena kwa ukali.

"Shika huu mukono, afande! Jisikilizie mwenyewe!"

Askari akashika. Pigo moja. Akangoja. Kimya. Akamtazama Kudra kwa hofu. Ndipo likaja pigo la pili, dhaifu. Askari akauachia mkono, akaenda kufungua kizuizi mwenyewe.

Hospitalini daktari alimchoma sindano. Nyaya zikabandikwa kifuani, na mashine ikachora mapigo kwenye karatasi. Mwanzoni milima ya mchoro ilikuwa imeachana mbali. Polepole ikaanza kukaribiana. Twahiru hakubandua macho.

"Mashine inapeleka umeme kwake?" aliuliza.

"Apana," alisema Kudra. "Inasoma umeme ya moyo yake mwenyewe."

"Unanichekesha, dada."

"Sikuchekeshi. Kunja ngumi yako. Moyo wako iko kubwa karibu kama hiyo. Ndani kuna vyumba vinne, mbili juu, mbili chini, na milango kati yao. Katika chumba cha juu, upande wa kuume, kuna kipande kidogo kinachotoa cheche. Cheche inapita vyumba vya juu, vinajikamua, damu inashuka. Halafu cheche inangoja kidogo pale katikati, ili vyumba vya chini vijae. Kisha inateremka, navyo vinajikamua. Cha kuume kinasukuma damu kwenye mapafu. Cha kushoto kinasukuma damu mwili muzima."

Twahiru alikumbuka delco, kile kifaa kinachogawa cheche kwa zamu ndani ya injini.

"Na hii dawa ilifanya nini?"

"Ilichelewesha cheche. Kwa Mathilde daktari alipima, ni dawa. Kwa mke wako ilizidi, ikawa sumu."

Mathilde aliinuka. "Basi zote nazitupa leo!"

"Thubutu!" Kudra alimkatiza. "Ukiacha ghafla utaumia weye. Kula zako kama daktari alivyosema. Tena, ukiogopa, moyo kukimbia si ugonjwa. Mwili unauambia uharakishe. Hatari ikipita, unatulia. Ila moyo ukikimbia na kukataa kutulia, au kifua kikiuma, au mutu akizimia, njoni kwetu. Kuuliza si ujinga."

Mwanasiti alipona, akaelezwa yote, akarudi nyumbani. Twahiru aliacha utani ule. Lakini Mathilde aliona aibu. Akipita na ndagala zake, alipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini.

Jioni moja bunduki zikalia tena. Moyo wa Mwanasiti ukaanza mbio. Akaweka mkono kifuani, akauacha upige. Mara akamwona Mathilde ng'ambo, amejibanza ukutani peke yake, anatetemeka.

"Weye Mathilde!" aliita. "Dawa yako kula peke yako. Lakini woga, kuja tugawane!"