Nguvu Aliyopewa Foibe

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mpiga chapa katika ofisi moja hapa Dodoma.

Mchumba wangu, Lameki, alipata kitabu cha mchezo wa ng'ambo kwenye marobota ya mitumba, maana siku hizi za ruksa ya kuagiza bidhaa hakuna kisichofika sokoni. Kila mchezaji anajitungia mhusika, mnazunguka meza, mnarusha dadu, na msimulizi anawaeleza yanayowapata. Msimulizi alikuwa Lameki. Kila Jumamosi mchana tulikusanyika kwake Miyuji: mimi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana Foibe, na vijana wawili wa ofisini kwake.

Tulijiwekea sheria moja kali. Uchawi wa muda msimulizi aligawa apendavyo. Lakini nguvu ya kudumu, ile ambayo mhusika hanyang'anywi tena, ilitolewa mchezo ukiendelea tu, na mhusika ailipie kwa kupoteza kitu cha thamani.

Mhusika wangu alikuwa mganga. Niliomba nguvu ya kuponya kwa kugusa mpaka nikachoka! Nilikubali hata apofuke. Lameki alikataa kila mara, akisema kitu cha kudumu hakitolewi ovyo. Nami nikajisifu moyoni, huyu ndiye mwanamume, hapendelei hata mchumba wake! Kwetu Mlali posa ilikuwa imeshapokelewa, na mama alishalitangazia kanisa zima.

Jumamosi moja wahusika wetu walivamiwa na fisi. Mhusika wa kijana mmoja akawa anakata roho. Foibe akadakia, "Namgusa, anapona!"



"Nguvu hiyo unayo tangu lini?" kijana huyo akauliza.

"Si nilipewa Jumatano..." Foibe akajibu, kisha akaziba mdomo.

Jumatano! Siku ambayo Lameki aliniaga kwamba anakwenda Mpwapwa kumwona baba yake mgonjwa! Nilimfungia hata machungwa ya mgonjwa. Walicheza wapi, wawili peke yao?

Nilimtazama Lameki. Alikuwa akizikusanya dadu, macho chini. Yule kijana, masikini, bado yumo mchezoni, akauliza, "Na alilipa nini?"

Foibe akaanza kulia. "Dada, nisamehe... nina mimba yake, mwezi wa pili huu."

Sijui nilifikaje nje. Uchumba ukavunjika, na mimi mwenyewe ndiye niliyepeleka habari nyumbani. Nilimwamkia mama shikamoo, nikamweleza yote. Nilipomaliza kueleza aliniuliza, "Mchezo gani huo, mwanangu?" Mtaani sasa mama hapiti bila kuulizwa habari za harusi.

Dada zangu, nawasihi! Mwenzi wako akiwa mkali wa sheria kwako na mlegevu kwa mwingine, usijidanganye kwamba ni mchezo tu. Uliza siku hiyo hiyo! Mimi nilimwona Lameki akimruhusu Foibe arushe dadu mara ya pili kila alipokosa. Nilimwona kwa macho yangu... na nilicheka pamoja nao.