Foleni ya Ultrasaundi

Ndugu zangu wa Mwankoko, nyumba ya Ashrafu, mtoto wa kaka yangu, ilikuwa na utulivu. Yeye hununua alizeti kule Mitundu. Mkewe Kudra, akipika mlenda, hunitumia bakuli.

Msimu uliopita Ashrafu alikawia Mitundu miezi mingi bila kurudi. Huku nyuma Kudra akanenepa, uso ukavimba, siku zake zikakatika. Jua la saa saba, yeye amejifunika kitenge, anasikia baridi. Hospitali wakamtuma ultrasaundi. Anifa, jirani yetu, akamkuta kwenye foleni katikati ya wajawazito. Nanyi mnajua, kwetu ultrasaundi ni mimba tu. Akaisambaza, na habari ya mimba ikamfikia Ashrafu kabla Kudra hajapata majibu.

Akarudi. Hakumsalimia mkewe.

"Funga nguo zako. Nakurudisha kwenu Mkalama."

"Mume wangu, walinipima shingo."

"Siku hizi mimba inakaa shingoni?"

Nikaingia. Akaniamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Talaka haikimbii. Kesho tukaulize hospitali."

Daktari alituonyesha picha. "Hii ni tezi ya shingo. Ikiwa nzima huonekana ya rangi moja. Hii ina giza na mabaka. Picha ilinitia shaka, kipimo cha damu kikathibitisha. Kinga ya mwili wake inaishambulia tezi, nayo imelegea kazi. Ndiyo sababu ya baridi, unene, uchovu na siku zake kukatika."

"Na mimba?" Ashrafu akauliza.

"Tulimpima mkojo. Hana."

"Sasa mbona alipanga foleni na wajawazito?"

"Mashine tunayo moja, kaka."

Njiani Ashrafu akaomba msamaha. Kudra akajibu taratibu, "Nimekusamehe. Ila nipeleke kwetu, kama ulivyosema."

Akaenda, na dawa zake anazomeza asubuhi kabla ya chai. Ashrafu alimfuata pamoja na wazee. Baba mkwe hakutaka mbuzi wala maneno matamu. Alitaka Ashrafu aseme kwa kinywa chake, mbele ya ukoo, alimtuhumu nini binti yao. Akasema, macho chini. Ndipo Kudra akaingia ndani kuchukua nguo zake.

FUNZO

Tusimhukumu mtu kwa foleni aliyopanga. Ultrasaundi hupima mengi, hata shingo. Mwenye kuchoka na kusikia baridi juani apelekwe hospitali kabla hajaitwa mvivu au mzinzi. Na wewe uliyebeba habari, ichunguze kwanza. Kesho kwa Mola utaulizwa wewe, si foleni.