Muhuri Uliokuwa Juu

Palle Nygård alikutwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, nyuma ya ghala la shayiri la Lauge Hvidtved, nje kidogo ya mji wa Thisted. Mota ya kilo arobaini ilikuwa imeng'oka kileleni mwa bomba la kupandishia nafaka, pamoja na kifuniko kilichoishikilia, ikamwangukia kichwani. Alikuwa amekwisha kufa.

Mpelelezi Vibeke Holmgaard alifika saa mbili na robo. Kabla hata hajafunga mlango wa gari, Lauge, mwenye shamba, alikwisha kumtaja mkosaji.

"Ni Gudrun, fundi aliyeunda bomba hili. Vipimo vyake vimeniulia mfanyakazi. Andika, afande."

"Naandika ninachopima, bwana. Lilifungwa lini?"

"Lililetwa jana mchana likiwa tayari. Nikalisimamisha, nikaunga umeme, basi. Leo saa kumi na mbili na nusu tukaanza kazi."

"Kuna aliyelifungua?"

"Hakuna aliyegusa hata nati."

Gudrun Østerby alifika saa tatu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kuunda parafujo za nafaka: mhimili wa chuma uliozungushiwa utepe, unaozunguka ndani ya bomba na kupandisha punje. Vipimo vikionekana vibovu, karakana ingefungwa na yeye angesimama kizimbani. Hakulia. Alitoa futi mfukoni mwa aproni.

"Pima," alisema.

Walipima pamoja. Bomba lilikuwa na upana wa sentimita ishirini, parafujo kumi na tisa. Kutoka mzunguko mmoja wa utepe hadi mwingine, kumi na tatu.

"Kwa nini usiache kumi na tisa?" Vibeke aliuliza.

"Bomba likilala, naacha. Likisimama hivi, nafaka inateleza kurudi nyuma. Lazima mizunguko ikaribiane."

Vibeke alikuwa binti wa mhunzi. Alijua kwamba jibu ni sahihi. Akapanda ngazi. Kileleni, juu ya mdomo wa kutokea, shayiri ilikuwa imeshindiliwa ngumu kama tofali. Ndiyo iliyokisukuma kifuniko mpaka kikang'oka.

"Hapo naweka kipande cha utepe wa kinyume," Gudrun alisema kutoka chini. "Nusu mzunguko tu. Kinarudisha nafaka mdomoni isikisonge kifuniko."

"Hakipo."

"Nilikichomelea kwa mikono hii!"

"Bi Gudrun, hakipo. Ila hapa juu kuna muhuri wenye herufi za jina lako, kwenye ncha ya mhimili."

"Muhuri naupiga ncha ya chini," Gudrun alisema polepole. "Siku zote."

Waliuvuta mhimili wote nje kwa juu, bila kugusa kifuniko cha chini. Kipande cha kinyume kilikuwapo, kizima, lakini chini, kwenye mdomo wa kuingilia. Mhimili ulikuwa umewekwa kichwa chini.

"Si mmeona?" Lauge alidakia. "Uzee! Ameufunga kinyumenyume!"

Vibeke hakumjibu. Inawezekana, aliandika. Kisha akainama kwenye nati. Gudrun hupaka rangi juu ya nati akishafunga. Rangi ya nati zote za kifuniko cha chini ilikuwa imepasuka, na chuma ndani ya nyufa kiling'aa bila kutu. Kwenye kisanduku cha umeme, waya mbili kati ya tatu za mota zilikuwa zimebadilishana nafasi, zimefungwa gundi mpya ya umeme.

Jirani mmoja alikuwa ameona gari la Torben Krogh getini jana jioni. Torben anauza mabomba ya kampuni nyingine. Mauzo ya shamba hili yalimponyoka. Aliletwa saa sita, amevimba kwa hasira.

"Ndiyo, nilikuja saa kumi na mbili. Wivu tu, afande, nilitaka kuliona. Lauge akanifukuza kama mbwa mwizi wa soseji. Alikuwa na grisi mpaka viwikoni!"

"Nilikuwa nashughulikia trekta," alisema Lauge.

Vibeke aliwaketisha wote watatu jikoni, kwenye kahawa na mkate mweusi ambao hakuna aliyeugusa. Akaweka mezani fimbo ya chuma yenye hesi, mifereji ya kuzungushia nati, toka ncha hadi ncha, na nati moja.

"Nati hii inaingia nikiizungusha kulia. Nikigeuza fimbo kichwa chini, itaingia nikiizungusha wapi?"

"Kulia," alisema Gudrun.

"Kulia," alisema Torben. "Swali gani hili, la chekechea?"

"Kushoto, bila shaka," alisema Lauge. "Si umeigeuza?"

Vibeke alimsukumia Lauge fimbo. Lauge aliitia nati, akaizungusha kushoto. Haikushika. Akazungusha kulia; ikaingia. Akageuza fimbo, akajaribu tena. Ikaingia vilevile. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Jana uliunga umeme vibaya," Vibeke alisema. "Mota ikazunguka kinyume, nafaka ikashuka badala ya kupanda. Ukadhani dawa ni kugeuza mhimili. Fundi hawezi kudhani hivyo, wala muuzaji. Ukaugeuza, lakini hesi haibadiliki kwa kugeuzwa, nafaka ikashuka tena. Ndipo ukabadilisha waya, mota ikazunguka sawa, nafaka ikapanda. Mhimili ukauacha vile, kipande cha kinyume kikiwa chini."

"Ilikuwa giza linaingia. Nafaka ilikuwa inapanda vizuri tu."

"Mapatano yetu ni kwamba siku ya kwanza nawasha mimi," Gudrun alisema. "Ningekuja Jumatano."

"Na mvua ni leo! Nimeiambia wilaya nzima kwamba simhitaji bibi kizee anishike mkono kuwasha mota!"

"Palle alikwambia nini asubuhi?" Vibeke aliuliza.

Lauge aliitazama fimbo. "Alisema linapiga kelele huko juu. Kama nguruwe."

"Ukasema?"

"Nikasema panda ukalitazame, usizime."

Hakuna aliyekunywa kahawa. Saa nane kasoro kumi Lauge aliingizwa garini.

Gudrun alibaki uani na mhimili wake. "Ncha zote mbili nilizifanya sawa," alimwambia Vibeke, "ili mkulima asipate taabu ya vipuri."

"Si kosa la kisheria."

"Sijauliza sheria."

Kesho yake, saa moja asubuhi, mashine zake zote tatu za kukereza zilikuwa zinanguruma. Alikuwa na mihimili kumi na moja ya kupeleka kabla ya mavuno kwisha, na katika kila mmoja alikuwa akipunguza ncha moja kwa milimita tano, ili mhimili usiweze kuingia tena kichwa chini.