Chumba cha Kijani Kilichokoza

Asubuhi hiyo Kidoti aliingia kwenye kibanda cha ushonaji cha dada yake akiwa na vibao viwili kwapani. Alisogeza vitambaa, akavilaza vibao juu ya meza ya kukatia. Kimoja kilipakwa kijani hafifu, kama pera linaloanza kuiva. Kingine kijani kilichokoza, kama chupa ya dawa.

"Dada, nichagulie," alisema. "Nyumba nzima imekwisha kupakwa rangi, kimebaki chumba kimoja cha kulala. Nikichagua mwenyewe nitabadilisha mawazo mpaka fundi ahame mji."

Dada yake hakuinua macho kwenye cherehani. Watu walimwita Dada Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama yao alipofariki Kidoti alikuwa bado mtoto wa kubebwa, na ni Sindano aliyembeba mgongoni huku akikanyaga cherehani hiyo hiyo. Alimlea, akamsomesha, akamwoza. Hapo kwenye kumwoza ndipo palipokuwa na donda.

Maana mume wa Kidoti alianza kwa kuwa mteja wa Sindano. Alikuwa mpima ardhi, mtu mpole, aliyeleta suruali kupunguzwa hata zile zisizohitaji kupunguzwa. Alikuwa akikaa pale kibandani, anazungumza, anacheka, na Sindano akaanza kupaka wanja siku alizojua atakuja. Kisha mchana mmoja Kidoti akamletea dada yake chakula, akasalimia, na macho ya yule mwanamume yakahama. Hayakurudi tena. Gauni la harusi alilishona Sindano mwenyewe. Watu walimsifu bibi harusi hadi wakakaukiwa na mate, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kashona.

"Viache hapo," Sindano alisema. "Nitafikiria."

Alasiri alifunga kibanda mapema, akaenda sokoni kwa mwanamke aliyemuuzia nyuzi na vifungo. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache, na ilijulikana kwamba kuna watu waliomwendea kwa mambo ambayo si nyuzi. Sindano alingoja wateja wengine waondoke.

"Sitaki afe," alinong'ona. "Nataka tu asionekane. Mumewe ampite kama anavyopita kiti."

Muuza nyuzi hakuuliza ni nani. Alimpa kifuko cha unga mweusi, laini kama masizi.

"Changanya na rangi ya ukuta. Mwanamke atakayelala humo, macho ya watu yatamteleza. Sauti yake pia. Ila chagua rangi iliyokoza. Hafifu itaonyesha. Iliyokoza inameza."

"Na nikitaka kumfungua?"

"Utakuja mwenyewe, uniombe uso kwa uso."

Kesho yake Sindano alimwambia mdogo wake kwamba amechagua kijani kilichokoza. Kidoti alikitazama kidogo kile kibao kingine, kama anayekiaga.

"Una hakika? Mimi nilidhani utapenda hii nyepesi."

"Iliyokoza inatuliza."

"Basi iwe hiyo hiyo, dada."

Fundi Rangi alipotoka kwenda kula, Sindano aliingia chumbani, akamimina unga ndani ya ndoo, akakoroga kwa kijiti. Ulizama. Hapakubaki hata alama.

Chumba kilipokauka, fundi hakukipenda, ingawa kazi ilikuwa safi. "Nimepaka rangi miaka mingi," alimwambia Kidoti, "lakini ukuta huu jicho halikai juu yake. Nikiutazama nasahau nilichokuwa nasema." Kidoti alicheka, akamwambia akale vizuri.

Mwisho wa wiki alimwita dada yake. Alimfumba macho kwa viganja vyake, wakapita sebuleni, wakapita chumba cha wenye nyumba, ambacho Sindano hakujua kwamba kilikuwa kimeshapakwa rangi ya maziwa. Mlango wa mwisho ukafunguliwa.

"Fumbua."

Kulikuwa na kitanda kipya na shuka zilizopigwa pasi. Cherehani ilikuwa dirishani. Kuta nne, kijani kilichokoza.

"Ni chako," Kidoti alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Chumba chako cha kupanga tumekirudisha kwa mwenyewe. Umenibeba mgongoni, dada. Zamu yangu sasa."

Mume wake alisimama nyuma, anatabasamu. "Karibu nyumbani, shemeji."

Sindano alitafuta neno. Lolote la kukataa lilihitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo haisemeki. Akashukuru. Moyoni akaapa kwamba hatalala humo hata dakika. Angesingizia joto, angelala sebuleni, na kesho yake asubuhi angekwenda sokoni kuomba afunguliwe.

Lakini alikuwa amechoka. Baada ya kula alikaa ukingoni mwa kitanda apange vitambaa vyake. Chumba kilikuwa kimya. Rangi ilikuwa na ubaridi fulani mtamu, kama kivuli. Aliegemea mto, kidogo tu.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa bado dirishani.

Alitoka sebuleni. Kidoti na mumewe walikuwa wanazungumza. "Nimepitiwa na usingizi," alisema. Hawakugeuka. Alidhani hawakusikia. Alirudia.

Kidoti alisimama, akapita karibu yake, nguo zikagusana, akaenda hadi mlango wa chumba. Akachungulia. "Dada hayumo," alisema.

"Nipo hapa."

"Labda ametoka kidogo," alisema mume.

"Nipo hapa, Kidoti."

Kidoti alitazama upande wake. Macho yalifika begani. Yakateleza. Yakatua ukutani.

Sindano alikwenda sokoni mbio, soko la Jumamosi likiwa bado limejaa. Watu walimkanyaga bila kusema samahani. Alifika kwa muuza nyuzi, akapiga magoti mbele ya meza yake.

"Ni mimi. Nifungue."

Muuza nyuzi alikuwa anapanga vifungo. Alitazama mbele, moja kwa moja, pale pale uso wa Sindano ulipokuwa.

"Karibu, mama," alisema. Alikuwa anamwambia mteja aliye nyuma ya Sindano.

Kidoti na mumewe wakamtafuta Sindano. Hospitali, kituo cha polisi, kwa jamaa wote. Mpima ardhi aliacha kazi zake, akazunguka na picha ya shemeji yake mkononi, akiuliza dukani hadi dukani. Jirani mmoja alisema huenda mwanamke yule amekimbilia kwa mwanamume. Kidoti, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alimfukuza nyumbani kwake. Alikaa sakafuni akalia mpaka sauti ikakauka. "Dada yangu hawezi kuniacha," alisema. "Sina mtu mwingine aliyenipenda hivyo."

Sindano alikuwa amekaa pembeni yake, goti kwa goti. Siku zote alitaka jina lake litajwe katika nyumba. Sasa lilitajwa asubuhi na jioni. Alimshika mdogo wake mkono. Kidoti akaupangusa mkono wake, kama mtu aliyetuliwa na nzi.

Baada ya miezi mingi Kidoti alimrudisha Fundi Rangi. Alimwomba apake chumba kile kijani hafifu. "Ndiyo niliyoitaka kwa ajili yake tangu mwanzo," alimwambia. "Ile nyingine niliikubali kwa sababu aliipenda yeye."

Fundi alipiga msasa, akapaka rangi mkono wa kwanza, kisha wa pili. Ilikuwa rangi ya mafuta, inang'aa. Chumba kikawa na mwanga. Jicho likakaa ukutani bila taabu. Alimwita Kidoti aje aone, na ndipo wote wawili walipoona kiduara cha ukungu kando ya dirisha, kama kioo kilichopumuliwa.

Fundi alikipangusa kwa kitambaa. Ukuta ukawa mkavu.

Kikarudi. Kikafifia. Kikarudi.

Kilikuwa usawa wa mdomo wa mtu mzima, mwanamke, aliyesimama karibu kabisa na ukuta. Kidoti alisogea, akakiwekea kiganja.

Kilikuwa na joto.