Mapazia Bila Bitana

"Sema moja tu, Pindo. Nyumba au ghorofa?"

Marumaru aliuliza huku anasugua sakafu ya sebule kwa ncha ya kiatu. Alikuwa muuza vigae, na jina hilo alilipata dukani. Kila akiingia kwenye nyumba ya watu, kabla hajasalimia, kiatu kilishaanza kukagua sakafu. Mwanamke aliyeulizwa alikuwa mshona mapazia, na macho yake yalikuwa madirishani. Pindo alibatizwa na Marumaru mwenyewe siku walipojuana, alipomkuta amepiga magoti anakunja pindo la pazia, na tangu hapo hata wateja walimwita hivyo.

Nyumba ile alikuwa ameipenda tangu getini. Ilikuwa na kibaraza, ua wa kuanikia nguo, na chumba cha mbele chenye mwanga wa kutosha kuweka cherehani. Dirisha la jikoni lilijengwa limepinda, kona moja imeshuka, na hata hilo alishalisamehe. Alishajiona amekaa kibarazani anamenya viazi, watoto wanagombana uani.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

"Usinitegee. Anayekaa nyumbani ni mwanamke. Chagua mwenyewe."

Alisema chagua, lakini njia nzima alikuwa ameshamchagulia. Asubuhi walipanda kuona ghorofa, vyumba viwili juu kabisa, jengo halina lifti, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Kule Marumaru alisifu kila kitu mpaka bomba. Huku nyumbani alihesabu kasoro tupu: mama yake angehamia chumba cha nyuma, ndugu wangejaa, majirani wangechungulia.

"Kule juu tutakuwa wawili tu," alisema. "Hata mama hapandi, kwa magoti yale."

Akacheka. Pindo naye akacheka, maana mtu akipenda hucheka hata visivyochekesha. Akakitazama kibaraza mara ya mwisho.

"Ghorofa," alisema. "Popote utakapokuwa wewe panatosha."

Mapenzi yana ujinga wake, na huu wa Pindo ulikuwa wa daraja la kwanza.

Shangazi yake, aliyemlea, alipopigiwa simu hakushangilia. Aliuliza posa inaletwa lini. Pindo akamwambia mwezi ujao, Marumaru anaweka mambo sawa.

"Mwanangu, mwanamume anayeoa hutafuta nyumba, hatafuti maficho," shangazi alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe unakwenda kukaa kwenye ngazi."

Pindo alimwambia mambo hayo ni ya zamani. Akahamia ghorofani, akashona mapazia mazuri ya kufunika ukuta wa jirani, akasubiri mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuja, ukapita, ukaja mwingine. Marumaru alikuja na kuondoka. Baadhi ya siku alilala, siku nyingine duka lilimchelewesha, na siku nyingi mama alikuwa anaumwa.

Siku moja akapigiwa simu na mteja, mkunga wa hospitali, sauti yake ya uchangamfu. Alikuwa ameona kazi za Pindo mtandaoni. Anaolewa karibuni, alisema, na anataka mapazia ya nyumba nzima, tena kwa siri, maana anataka kumshtukiza mchumba wake. Alituma vipimo na picha ya kitambaa alichokichagua, cha rangi ya maziwa, chepesi sana. Pindo akamshauri waweke bitana nyuma yake, kitambaa cha pili kilicho kizito, mkunga akakubali. Kati ya vipimo kulikuwa na dirisha ambalo upande mmoja haukulingana na mwingine, Pindo akadhani mteja amekosea kupima.

Hakuwa amekosea. Pindo alipofika na ngazi yake alilijua geti, akakijua kibaraza, na alipoingia jikoni lile dirisha lililopinda likamtazama. Aliumia kidogo. Akajisemea, haya, tulichoacha sisi wenzetu wamekiokota, Mungu awape heri.

Sebuleni alikuwepo mama mmoja mtu mzima, miguu ameinyoosha juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mkwe wangu amekusifia hata nikadhani unashona na malaika."

Pindo akapanda ngazi, akajaza pini mdomoni, akaanza kutundika. Mkunga alisimama chini anashika kitambaa, na mdomo wake haukupumzika.

"Mchumba wangu ananidekeza mno," alisema. "Alinileta hapa akaniambia, anayekaa nyumbani ni mwanamke, sema moja tu: nyumba au ghorofa? Nikamwambia, baba, mimi ni wa nyumba. Ghorofani wakakae njiwa."

Mama akacheka mpaka akashika magoti.

"Na mimi na miguu hii ningekwenda huko juu kufanya nini?" alisema. "Ningemwona mwanangu kwa picha."

Pini moja ikamchoma Pindo mdomo. Alisikia ladha ya damu. Mikono yake iliendelea kutundika, maana mikono ya fundi huwa haijui msiba, lakini moyo wake ulikuwa umeanguka kutoka kwenye ngazi ile, na hakuna aliyeuokota.

Simu yake ikatetemeka mezani.

"Fundi, ujumbe," mkunga alisema, akainama kuitazama. "Umetoka kwa 'Wangu'. Nikusomee?"

Pindo akatikisa kichwa kukataa. Lakini ujumbe ulikuwa umeshajitokeza kwenye kioo, na mkunga alikuwa mtu wa kusaidia.

"'Pindo mpenzi, leo sitakuja. Mama kazidiwa, niko naye hospitali. Niombee.' Jamani, pole. Kumbe mama mkwe wako anaumwa."

Mama akashusha miguu kutoka kwenye kigoda.

"Mungu amponye huyo mama mwenzangu," alisema. "Anaumwa nini?"

"Magoti," Pindo alijibu kati ya pini.

"Ah, hayo nayajua. Mwambie asikae sana kwenye baridi."

Mlango ukafunguliwa. Kiatu kikaanza kusugua sakafu kama kawaida yake, kisha kikasimama. Marumaru alimwona mama yake, akamwona mchumba wake, akainua macho taratibu mpaka juu ya ngazi.

"Umeniharibia siri yangu," mkunga alisema, akamshika mkono. "Nilitaka kukushtukiza. Huyu ndiye fundi, tazama kazi yake."

"Karibu, fundi," Marumaru alisema. "Hongera kwa kazi."

Alisema hivyo bila hata kupepesa macho, kama anayemsalimia mtu wa kusoma mita ya maji. Pindo alikuwa amelala kifuani kwa mwanamume huyo juzi. Hilo karibu ndilo lililomuuma kuliko yote, jinsi uso ule ulivyojua kusahau haraka.

Mkunga akaenda jikoni kuandaa chai. Marumaru akasema anamsaidia fundi kubeba mfuko uliobaki getini, wakatoka uani.

"Usilete fujo," alisema kwa sauti ya chini.

"Niambie nilichokukosea."

"Hujakosea kitu. Nilikuuliza, nyumba au ghorofa. Ukasema ghorofa. Mwenzako akasema nyumba. Sasa nimemdhulumu nani?"

"Uliniuliza pa kukaa. Hukuniuliza kama nataka kuwa nyumba ndogo."

"Ni swali lile lile, Pindo. Mwanamke anayesema nyumba amemkubali mama yangu, amekubali ndugu zangu, wageni na misiba. Wewe ulisema popote nilipo panatosha. Mwanamke wa popote haolewi. Anatembelewa."

"Nilisema hivyo kwa sababu nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana sikukufukuza." Akapangusa vumbi kwenye kiatu chake. "Ukinyamaza, hakuna kitakachobadilika, utakaa kule kule. Ukisema, nani atakusikiliza? Fundi aliyekuja na ngazi yake."

Pindo alitamani kulia, machozi yakagoma. Alitazama kamba ya nguo uani, ile aliyokuwa ameshaipangia nguo za watoto wake, na sidiria ya mkunga ilikuwa inakauka juu yake. Akachukua mfuko, akarudi ndani, akapachika pazia la mwisho. Mfuko ule ulikuwa na bitana zote, zimekunjwa, zinasubiri ndoano zake.

Kitambaa chepesi kina tabia yake. Mchana kinaficha, aliye nje anaona pazia tu. Usiku taa ikiwaka ndani kinafunua kila kitu, na aliye ndani hajui. Kazi ya bitana ni kuzuia hilo. Marumaru alijua vigae, mapazia hakuyajua.

"Mwenye nyumba," Pindo alimuuliza Marumaru, mkunga akiwa bado jikoni, "bitana nitie au niache?"

"Bitana ya nini tena? Acha. Yako vizuri hivyo hivyo. Maliza uende."

"Umechagua mwenyewe?"

"Nimeshachagua."

Akauchukua mfuko wake na ngazi yake. Mlangoni mkunga alimkumbatia, akamwambia asikose kumsalimia mama mkwe mgonjwa. Pini zilikuwa zimeshatoka, mdomo ulikuwa mtupu, na nafasi ya kusema ilikuwepo. Pindo akasema hongera, akaondoka. Hakujua nani ataonekana siku gani. Alijua tu kwamba ataonekana.

Siku hiyo hiyo alishusha mapazia yake ghorofani, akamwachia mlinzi ufunguo, akahamia chumba cha nyuma ya kibanda chake cha kushonea, kidogo hivi kwamba kitanda na cherehani viligusana. Usiku wa kwanza alilia mpaka shangazi, aliyekuja kumsaidia kuhama, akachoka kumbembeleza. Marumaru alipiga simu, akatukana, akabembeleza, mwisho akaliacha lile ghorofa. Harusi ikafanyika, na watu wakasema mapazia yamependeza.

Mkunga alikuwa na zamu za usiku. Zilipoanza tena baada ya harusi, Marumaru alikumbuka kwamba hana tena pa kupanda ngazi. Basi jioni moja akamleta nyumbani hapo hapo mwanamke mmoja, mteja wa vigae vya bafuni. Mama alikuwa ameshalala chumba cha nyuma. Marumaru akafunga mlango, akavuta mapazia mpaka yakagusana, akatikisa kichwa kuridhika, akawasha taa.

Jirani wa kwanza alidhani ni televisheni. Wa pili akamwita mkewe. Watoto wakafukuzwa ndani, wakatazamia madirishani kwao. Kule sebuleni Marumaru alimvua mteja viatu, akamlisha zabibu moja moja, akacheza bila shati, tena alicheza vibaya. Mengine yaliyofuata mtaa uliyaona, mimi siyaandiki. Kuna aliyerekodi, na simu kwa simu picha zikafika wodi ya wazazi, zikamkuta mkunga amevaa glavu. Wanasema alimzalisha mama aliyekuwa mbele yake mpaka mwisho, akamfunga mtoto vizuri, ndipo akavua glavu.

Siku iliyofuata alikuja kibandani kwa Pindo, mapazia yote ameyakumbatia.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile," Pindo alisema. "'Wangu' alikuwa yeye."

Mkunga alikaa juu ya kigoda cha wateja. Alichukua muda kuunganisha mambo.

"Mama mkwe mwenye magoti," alisema.

"Ndiye huyo."

"Nilikukumbatia, fundi. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na pini mdomoni."

"Si muda wote."

Pindo alikuwa amemlenga Marumaru, na jiwe lilikuwa limepitia kwa mwanamke huyu. Mkunga hakungoja aombwe radhi. Aliyaweka mapazia juu ya cherehani.

"Tia bitana," alisema. "Nyumba nabaki nayo. Mama naye nabaki naye, amesema haondoki. Aliyetoka ni mwanawe."

Simu ya Pindo ikaita. Haikuandika tena Wangu, iliandika Muuza Vigae. Aliipokea, akaiweka mezani kwa sauti kubwa.

"Pindo, nimefungiwa nje," Marumaru alisema. "Mama mzazi amenifungia, unasikia? Mtaa mzima unanicheka. Yale mapazia uliyafanya nini?"

"Nilikuuliza, bitana nitie au niache. Ulichagua mwenyewe."

Mkunga alitazama sakafu.

"Basi, yamekwisha," sauti ya Marumaru ilirudi, sasa laini, ile ya siku za ghorofani. "Nielekeze unakokaa. Hata kama ni chumba kimoja. Popote ulipo wewe panatosha."

Pindo alikisubiri kitu fulani ndani yake kitetemeke. Kilitetemeka, kwa sababu alikuwa bado anampenda, na alijichukia kwa hilo.

"Wa popote haolewi, Marumaru," alisema, akakata.

Akajaza pini mdomoni, akavuta bitana kutoka kwenye mfuko. Mkunga akashika upande wa pili wa kitambaa ili kisiburuzike chini. Walifanya kazi hivyo mpaka pindo la mwisho.