Kutu ya Ndani ya Deraya

Kigari kilikuwa na joto. Mwenyewe alidhani mkono wake ndio wenye homa, akakiweka shavuni, na bado kilikuwa na joto, kama yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku. Asubuhi ilikuwa ya baridi, dirisha limefungwa, jua halijafika upande ule wa nyumba. Vigari vingine vilivyopangwa rafuni vilikuwa baridi kama vijiko. Hiki kimoja tu, alichokimaliza juzi, kilikuwa na joto la kitu kinachopumua.

Mtaa mzima ulimwita Kanali, nalo lilikuwa jina la kumtania. Hakuwahi kushika bunduki maishani, na tairi likipasuka barabarani yeye ndiye wa kwanza kuinama. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia kwenye karakana iliyo nyuma ya kliniki ya meno. Kutwa alichonga nta, alimimina plasta, alisugua meno ya watu asiowajua mpaka yakang'aa. Na jioni, badala ya kupumzisha macho, aliingia kwenye kichumba kilichokuwa stoo akaendelea na kazi ndogo kuliko ile. Alinunua magari ya jeshi ya plastiki, yale yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, lakini hakuyaunganisha kama karatasi ya maelekezo ilivyotaka. Magurudumu ya hili alilifungia lile, mnara wa kifaru aliukata akaukalisha juu ya lori, mapengo akayaziba kwa plasta ya meno. Mwishowe likatoka gari ambalo hakuna jeshi lililowahi kulimiliki, ila ukilitazama ungeapa uliwahi kuliona likipita. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni, alisema ameolewa na mtoto mwenye ndevu. Alisema hivyo huku anampelekea chai.

Kitu kimoja kilimshinda miaka yote: kutu. Kila rangi aliyoichanganya ilibaki kuwa rangi. Basi siku moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa mkata vyuma kwenye yadi ya vyuma chakavu, akasimulia mezani kwamba wameletewa deraya halisi, gari la vita lililoungua zamani, na wakata vyuma wenzake wanalizungukia mbali kana kwamba lina nyuki. Kifuniko chake cha juu kilikuwa kimekomewa kwa ndani. Kanali aliacha kula. Akaanza kumbembeleza shemeji amfungulie kidogo tu, akwangue kutu ya mle ndani, ile ambayo haijawahi kunyeshewa mvua. Shemeji alicheka, akakataa, akakataa tena, mwisho akakubali, maana Kanali ndiye aliyempa pa kulala alipofika mjini bila mbele wala nyuma.

Wakaenda Jumapili, yadi ikiwa haina watu. Shemeji akakata komeo kwa gesi, kifuniko kikainuka, na Kanali akateremka ndani na kijiko na mkebe. Alikuta viti vilivyobaki waya mtupu, vifungo vya mashati vilivyoyeyukia sakafuni, na chini ya kifuniko, nyundo. Komeo lilikuwa limepigwa kwa nyundo ile mpaka likapinda, kiasi kwamba hakuna mkono ambao ungeliweza kulirudisha. Alisimama akilitazama kwa muda. Kisha akakwangua kutu yake akajaza mkebe, akatoka.

Kutu ile aliisaga laini kama unga wa wanja, akaipaka kigari kipya nje na ndani, kisha akakifunga kifuniko kwa gundi. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Na sasa kilikuwa na joto.

Siku hiyo hakumwambia mtu. Siku iliyofuata ikaja harufu, mchanganyiko wa dizeli na nywele zilizoungua, na mkewe akakagua pasi, akakagua waya za cherehani, akamnusa binti yao kichwani, asione kitu. Harufu ikaingia kwenye vitambaa vya wateja. Kisha, mchana mmoja mkewe akiwa peke yake, amesimamisha cherehani ili abadilishe uzi, akasikia nyuma ya ukuta kitu kikigonga taratibu, polepole, kama ukucha kwenye bati la kopo, na alipoingia stoo akaona kwamba vigari vyote vimetulia na kwamba mlio ule unatoka ndani ya kile cha kutu, ndani kabisa, mahali ambapo hata sisimizi asingepata pa kupita.

Kanali aliporudi alimshika mkono akampeleka pale, wakasimama wote wawili wakisikiliza. Mke alinong'ona kwamba kuna mtu mle.

"Hakuna mtu anayeenea mle," Kanali akamjibu kwa sauti ileile ya chini.

"Sikiliza anavyogonga. Amechoka. Mfungulie, baba, hata kama ni nini. Mimi siwezi kushona huku namsikia."

Ilikuwa huruma tu. Kanali naye alimhurumia yule asiyemjua, akakumbuka viti vya waya na vile vifungo, akajiambia kwamba watu wale waliungua wakitafuta mlango. Akachukua kisu chake chembamba, akakata gundi pande zote, akainua kifuniko kidogo kama ukucha wa mtoto. Ilitoka pumzi moja. Mkewe aliiona ikizisogeza nyusi za mumewe na kumkausha jasho usoni, naye Kanali akavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeruka kwenye maji baridi, kisha akakirudisha kisu mezani, sawasawa, mahali pake. Kugonga kulikuwa kumekoma. Alimgeukia mkewe, akatabasamu, na kuanzia hapo hakupepesa macho.

Kesho yake kazini, mama anayechanganya plasta, ambaye alikuwa akitaniana naye kila asubuhi, alimuuliza kama amelala vibaya. Kanali alimshika kiganja kwa upole, kama anayetaka kumsalimia, akakipeleka juu ya taa ya spiriti wanayoyeyushia nta, akakishikilia pale. Mama yule alipiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka vitini mwao na vinywa wazi, na madaktari wawili na mlinzi wakamvuta Kanali wasiweze kumbandua, maana mkono wake ulikuwa mgumu kama wa sanamu, na uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu anayesubiri maji yachemke. Alimwachia mwenyewe alipotaka. Akavaa koti lake akatembea mpaka nyumbani.

Mkewe alikwishapigiwa simu, na alikuwa amemwita mdogo wake kutoka yadini. Walimkuta stoo, amekaa kwenye kiti chake, akinywa thina, ile ya kuyeyushia rangi, kwenye kikombe cha chai, funda kwa funda. Shemeji akaanza kumsemesha maneno ya kumpoza, akimwita kaka, akimsogelea pole pole ili amnyang'anye kikombe. Kanali akampokea mkono wa kushoto kama anayeomba asaidiwe kuinuka, akauingiza kwenye jiliwa iliyofungwa pembeni ya meza, ile anayobania plastiki zake, na akaanza kuzungusha mpini. Hakuharakisha. Alizungusha kama afanyavyo siku zote, kwa kuangalia kazi, na mifupa ya shemeji ikaanza kulia mmoja baada ya mwingine kama vijiti vikavu, naye shemeji akapiga magoti, akapiga meza kwa kichwa, akaita mama yake aliyekufa, na damu ikachirizika juu ya magurudumu madogo yaliyosubiri kupakwa rangi, na binti yao, aliyekuwa anatoka shule, akasimama mlangoni na mkoba mgongoni akiwa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na Kanali akamgeukia, akamnyooshea mkono ule uliokuwa huru, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mmoja, "Njoo, mama. Hapa kuna joto."

Mkewe alichukua pasi. Ilikuwa ya chuma, nzito, ameitoa mezani bado ina moto, akampiga nayo utosini. Kanali akaanguka, akainuka, mkewe akampiga tena, na safari hii Kanali akalala chini, ngozi ya kichwa imepasuka. Mkewe alilegeza jiliwa, akamtoa mdogo wake, akamsukumia mtoto kwa jirani, kisha akamfunga mumewe kwa kamba za kuanikia nguo, mikono na miguu, akizungusha na kuzungusha hata pale ambapo kamba ilikuwa imetosha.

Mtaani kwao palikuwa na mwanamke mnene aliyeuza mitungi ya gesi, wakimwita Mama Gesi, na watu walijua kwamba ana mkono wa mambo yasiyosemwa, ingawa mwenyewe alipenda zaidi kuuza gesi. Alikuja na kitambaa begani, akaingia stoo, na alipomwona Kanali amelala amefumbua macho, kamba zikitoa moshi pale zinapomgusa, alirudi nyuma hatua moja. Alimuuliza shemeji, aliyekuwa amefungwa mkono kwa vipande vya sare za shule, ile deraya ilikuwa imefungwa vipi. Shemeji akamweleza komeo, akamweleza nyundo.

Mama Gesi alikishusha kitambaa begani akakikunja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wale askari hawakuwa wakitafuta mlango. Walikuwa na pepo hili mle ndani, limekwisha kumshika mmoja wao, na waliona heri waungue nalo kuliko kulitoa nje. Walipiga komeo wenyewe.

Mke akauliza kama linaweza kutolewa.

"Kutoka linatoka," alisema Mama Gesi. "Lakini linarukia damu. Nikilivuta kwa baba, litakwenda kwa mtoto, hata umfiche wapi."

Pale sakafuni Kanali akafumba macho, kwa mara ya kwanza tangu ile pumzi, na alipoyafumbua yalikuwa yake, mekundu, yamejaa machozi. Aliwatazama mmoja mmoja. Akamwambia shemeji amsamehe mkono. Akamwomba mkewe ampeleke yadini, haraka, kabla halijaamka.

Mkewe alikataa. Alipiga magoti, akamshika uso, akasema watatafuta mtu mwingine, watasafiri, watauza cherehani. Kanali hakubishana naye. Alisema tu kwamba limemwonyesha litakachomfanyia binti yao, na limemwonyesha mara nyingi, na kwamba mikono iliyokuwa ikifanya ilikuwa hii yake.

Walimpakia nyuma ya gari la mitungi ya gesi, bila mitungi. Jua lilikuwa bado juu. Yadini wakata vyuma walipomwona, na walipoona ngozi yake inavyofuka, waliacha mashine zikiwaka wakatoka getini, hata mwenye yadi. Shemeji alimkata kamba. Kanali alipanda deraya mwenyewe, akateleza, akashikilia tena, viganja vikiacha ngozi kwenye bati, na juu alisimama kidogo akamtazama mkewe kama aliyesahau kitu na anakitafuta. Halafu akashuka ndani, akakivuta kifuniko kikagonga.

Komeo lilikuwa limekatwa, basi ilibidi kifuniko kichomelewe kwa nje. Shemeji alikuwa na mkono mmoja tu wa kushika mashine, kwa hiyo dada yake alipanda pamoja naye, akamshikia kioo cheusi mbele ya uso. Cheche zikaanza. Na kabla mshono haujafika popote, chuma kikaanza kupata joto chini ya miguu yao, na ndani kikaanza kishindo, kitu kikijipigiza huku na huku kwa nguvu ambayo mwili wa fundi meno haukuwa nayo, na sauti zikatoka, za watu wengi, zikitukana, zikiahidi, zikilia kama watoto, na rangi kuukuu ikatumbuka malengelenge, na soli za viatu vyao zikaanza kunata, na Mama Gesi kule chini akawa anasoma mambo yake bila kupumzika huku mkojo ukimtoka.

Kisha kishindo kikaisha. Kukawa kimya. Ikasikika sauti moja, karibu sana, chini tu ya kifuniko.

"Limetoka," alisema Kanali. "Nimebaki peke yangu. Mguu wangu umebanwa hapa, mke wangu, na kuna moto."

Akakohoa. Mkewe alikuwa amelala kando ya kikohozi kile miaka yote ya ndoa, kikohozi kikavu cha vumbi la plasta, chenye mkwaruzo mwishoni.

Shemeji alizima mashine. Jasho na machozi vilikuwa vinamdondoka kidevuni.

"Dada," alinong'ona. "Kama ni yeye kweli?"

"Ni yeye," alisema mkewe. "Chomelea."

Mdogo wake hakusogea. Basi akaiweka ile mashine mkononi mwake tena, akaushika mkono ule kwa mkono wake, akafumba macho, na wakauzungusha mshono wa moto pamoja, pole pole, mpaka mwisho wake ukakutana na mwanzo, na muda wote huo mumewe alikuwa anamwita.