Machimbo Yanayoitika

Ugomvi wa kwanza ulizuka kwa neno ambalo hakuna aliyelisema.

Walikuwa wanne, wanatembea wameinama, mmoja nyuma ya mwenzake, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe. Ghafla Domo akasimama, akageuka na kummulika Kipepe usoni kwa taa ya kofia.

"Rudia ulichosema."

"Nimesema nini?"

"Kwamba mimi ni debe tupu, makelele mengi ndani hamna kitu. Haya, rudia nikiwa nakuangalia."

"Una wazimu wewe. Sijafungua mdomo tangu tupite lile tundu."

Rula, aliyekuwa mbele na ubao wa ramani, alishusha pumzi. Hawajamaliza hatua mia, na tayari kazi imeshaingia mdudu. Alikuwa na miaka kumi na saba, na jina hilo alipewa kwa sababu alipenda kila kitu kinyooke: mistari, foleni, watu. Ramani hii aliipigania mwezi mzima. Sakafu ya darasa moja pale shuleni ilikuwa imezama kiasi cha kumeza miguu ya dawati, na hakuna aliyejua mashimo ya machimbo haya yamefika wapi chini ya shule. Hatimaye mwalimu wa jiografia alikubali kuwaleta. Walipofika chumba cha pili wakakuta tundu jembamba. Mwalimu alijaribu kwa kichwa, akajaribu kwa miguu, tumbo likakataa kote kote.

"Hatua mia mbili," aliwaambia, akiwa amekaa chini anahema. "Mpime, mrudi. Sio mia mbili na moja."

Basi walipita vijana peke yao. Mwishoni kabisa alikuwa Kigugu, mtoto wa mama mdogo wa Rula, aliyehesabu hatua. Kigugu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno moja lingeweza kumchukua nusu dakika, lakini kwenye hesabu hakuwa na mpinzani.

"Tumefika ngapi?" Rula alimuuliza.

"Tis-tis-tisini na nne, dada."

"Tuendelee. Na midomo ifungwe."

Wakaendelea. Hapo ndipo Rula aliposikia harufu, kama ya nguo mbichi inayopigwa pasi, ya moto na maji kwa pamoja, mahali ambapo hakukuwa na moto wala nguo. Kabla hajauliza kama wenzake wanaisikia, sauti ya Kipepe ikamjia sikioni, karibu mno: "Anajifanya mama yetu, na kwao hata mbwa hamsikilizi."

Rula aligeuka. Kipepe alikuwa nyuma ya Domo, anakung'uta vumbi kwenye goti.

"Ukiwa na la kusema, nisemee usoni," Rula akasema.

"Na wewe tena? Leo mmenipania?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Basi masikio yenu yana matatizo! Mimi narudi."

"Harudi mtu hadi aniombe msamaha," Domo akasema, akampita na kuziba njia ya kurudi kwa mikono miwili.

Rula alitamani kulia kwa hasira. Mbele yake njia iligawanyika mara mbili, karatasi ilikuwa na mistari isiyotosha hata kuonyesha mtu, na watu aliowachagua mwenyewe walikuwa wanazozana kama watoto wanaogombania kiti. Akawaambia hivyo. Domo akamjibu kwamba yeye ndiye chanzo. Kipepe akasema wote wawili ni wale wale. Kila aliyefungua mdomo alizidisha.

Ndipo sauti ya Kigugu ikasikika, laini, bila kukwama hata kidogo: "Jamani, tusigombane. Tushike njia ya kushoto, tuingie ndani zaidi. Hakuna shida kabisa."

Domo akaangua kicheko cha uchungu. "Ehe! Kumbe unaweza kuongea! Miaka yote unatuchezea?"

Lakini Rula alikuwa amemmulika Kigugu wakati huo huo, aliyekuwa amejipenyeza mbele hadi njia panda. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Macho yalikuwa yamemtoka, yanatazama njia ya kushoto.

"Si-si-si mimi," Kigugu akasema.

Kisha, kutoka njia ya kushoto, kitu kikarudia kwa upole, kwa sauti ya Kigugu: "Si mimi."

Walikimbia. Hakuna aliyetoa amri, na kama ingetolewa hakuna ambaye angeisikia, maana njia nzima ilikuwa imejaa sauti zao wenyewe, Domo akimtukana Kipepe na Kipepe akimlaani Domo, na wote wawili walikuwa wanakimbia wamekaza meno bila kusema lolote, huku harufu ile ya nguo mbichi ikiwafuata shingoni kama mtu anayehema. Domo akapita kwenye tundu, Kipepe akafuata. Rula alipoingiza kichwa akahesabu, akakuta vijana ni watatu, yeye akiwemo.

"Kigugu yuko wapi?"

Rula akaanza kurudi kinyumenyume. Domo akamkamata mkono.

"Usiende, Rula. Ukirudi, sisi tutajuaje kwamba aliyerudi ni wewe?"

"Toka hapo, Rula! Nawaita watu!" mwalimu akapiga kelele. Lakini hao watu walikuwa mbali, na Kigugu ni damu yake. Rula akajinasua.

Alimkuta karibu na ile njia panda. Kofia yake ilikuwa imevunjika taa, naye amejikunyata ukutani, macho ameyafumba, masikio ameyaziba kwa viganja.

"Kigugu, ni mimi. Inuka twende."

Akarushiwa jiwe. Likampita karibu na sikio.

"To-toka! Umesha-shasema vya kutosha!"

"Nimesema nini? Ndio kwanza nafika!"

"Umesema mi-mimi ni mzigo. Umesema nikifa, ma-mama atapumua."

Rula akamsogelea. "Sijasema hivyo. Hata siku moja. Fumbua macho uniangalie!"

"Usifumbue," ikasema sauti ya Rula, kutoka gizani, upande wa pili wa Kigugu. "Huyo siye. Ni mimi, mdogo wangu."

Rula akabisha. Alisema yeye ndiye, na sauti ikasema yeye ndiye. Akataja jina la mama yake mdogo, na sauti ikalitaja. Akataja jinsi walivyovunja kioo cha jirani wakaapa wasiseme, na ile sauti ikamalizia kisa, mpaka rangi ya mpira. Kila ushahidi aliotoa uliibiwa pale pale, tena ukasemwa kwa utulivu, wakati yeye alikuwa anapayuka. Hata yeye mwenyewe angeisadiki ile nyingine. Alitaka kupiga ukuta ngumi.

Kisha akanyamaza. Akapiga magoti, akautoa mkono mmoja wa Kigugu sikioni, taratibu, akaushika. Kijana akaruka kama aliyeguswa na umeme, akampiga, akamkwaruza. Rula hakusema neno. Aliushikilia tu, mpaka vidole vile vilipoacha kupigana, vikaanza kupapasa kucha zake, saa yake, jasho la kiganja. Ndipo Kigugu akafumbua jicho moja.

Walirudi bila kuongea, hatua kwa hatua, yeye akivuta na kijana akifuata, na njia iliyokuwa fupi wakati wa kuja sasa haikuwa na mwisho, na nyuma yao sauti ya Rula ilikuwa inalia, inaomba, kwanza kwa mbali kisha karibu kabisa na kisogo cha mtoto wa watu: "Kigugu, unaniacha? Kigugu, mdogo wangu, umeshika mkono wa nani?"

Hapo mkono ulitaka kuponyoka. Rula akaubana kwa kucha hadi damu ikatoka, hadi tundu likaonekana, hadi mikono ya mwalimu ikawavuta wote wawili.

Nje ilikuwa mchana mweupe, jua la utosi. Ungedhani wangekumbatiana. Domo alikaa kivyake, na Kipepe hakutaka hata kunywa maji kwenye chupa moja na mwenzake.

"Yale maneno," Domo alisema, "kile kitu kingeyajuaje kama hamkuwa mnayawaza?"

Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba walizidiwa na hewa chafu. Rula aliisoma, akatamani kuichana. Ramani nayo haikumsaidia mtu.

Mama zao ndio waliomwita mganga, mwanamke mfupi, mchangamfu, asiyependa kupoteza muda. Alisoma yake pale mdomoni mwa machimbo tangu asubuhi hadi adhuhuri, akafukiza, akaamuru wachimbaji wapange mawe waizibe njia. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho.

"Wengine wote walisemewa maneno tu," akasema. "Nani kati yenu aliyebishana na mwenye sauti ile?"

Rula akanyoosha mkono.

"Maneno mengi?"

"Mengi."

Mganga akajifuta jasho. "Njia nimeifunga. Ila ulichompa kwa mdomo wako, sauti yako na kumbukumbu zako, mimi sina pa kukitolea."

Zikapita siku nne. Ya tano, saa kumi jioni, Rula alikuwa jikoni anaosha vyombo aliposikia mama yake akiitikia uani.

"Nakuja! Ndio unaita kama nyumba inaungua?"

Akadondosha sahani. Alimkuta mama amefika getini, mkono tayari umeshika komeo.

"Mama! Sijakuita! Usifungue!"

Mama akageuka. Akamtazama binti yake, mikono imejaa povu, kisha akalitazama geti. Rula akakimbia akamshika mkono, kwa nguvu, kama alivyomshika Kigugu. Mama akautoa mkono wake, polepole, akarudi nyuma hatua moja.

"Subiri kwanza," akasema. "Ulipokuwa mdogo, kabla hujajua kusema mama, ulikuwa unaniitaje?"

Rula akafungua mdomo. Jibu likatoka nje ya geti, kwa sauti yake, na lilikuwa sahihi.